Cheti cha ukutani hakisemi mtoto analelewaje

Kila Januari, kuanzia Ukwamani na Mzimuni, mitaa ya Kawe jijini Dar es Salaam, hadi kwa majirani zao wa Mbezi Beach, mageti ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana hupata mabango mapya. Bango lina picha ya mtoto aliyevaa joho la mahafali, namba ya simu, na chini yake maneno "kimesajiliwa na serikali". Mzazi wa Kawe anayewahi gari la Kariakoo au Posta alfajiri hana muda wa kuuliza mengi. Anaingia ofisini, anaoneshwa cheti kilichowekwa kwenye fremu, anaambiwa wakaguzi walikuja wakaridhika, analipa ada ya mwezi wa kwanza, na kesho yake anamwacha mwanawe wa miaka miwili na nusu mikononi mwa mtu asiyemjua, kwa saa kumi au zaidi. Ninachotaka kusema ni kwamba cheti kile, na hata daraja lolote ambalo mkaguzi angeliandika juu yake, kinajibu swali ambalo siyo lililomleta mzazi pale. Cheti kinasema kituo kiliruhusiwa kufunguliwa. Mzazi anataka kujua mwanawe atalelewaje Jumatano saa nne asubuhi, wakati hakuna mgeni.

Tuanze na kile ambacho cheti kinathibitisha, maana si jambo dogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana ya mwaka 1981 na kuviingiza vituo hivi katika mfumo mmoja wa ulinzi wa mtoto, chini ya mamlaka za ustawi wa jamii. Anayetaka kufungua kituo Kawe anaanzia kwa maafisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Kinondoni. Jengo linatazamwa, vyoo vinatazamwa, na hivyohivyo maji, uzio, jiko, eneo la kuchezea na sifa za walezi. Nani atayabishia hayo? Septemba 2020 moto uliteketeza bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, na watoto 10 wakafa. Anayeikumbuka habari ile hawezi kusema kwamba kuuliza habari za mlango wa dharura ni urasimu. Masharti ya usalama yabaki, na kituo kinachoshindwa kuyatimiza kifungwe bila kuoneana haya. Lakini hayo ni masharti ya kuingilia tu. Yanathibitisha kwamba siku fulani, mbele ya afisa fulani, nyumba ilikuwa na vyoo vya kutosha na mlezi mwenye cheti alikuwepo. Mlezi yule huenda aliondoka mwezi wa tatu kwa sababu mshahara haukumtosha nauli, akaajiriwa binti mwingine ambaye hakuna ofisi inayomjua, na karatasi ukutani haikubadilika hata herufi moja.

Lipo pia jambo ambalo wazazi wengi hawaelezwi. Ndani ya uzio mmoja kunaweza kuwa na watoto wa miaka miwili na mitatu ambao wako chini ya ustawi wa jamii, na chumba cha pili kikawa darasa la awali la watoto wa miaka mitano, ambalo linaangaliwa na wathibiti ubora wa shule wa Wizara ya Elimu. Hizi ni mamlaka mbili, zenye fomu mbili na vipimo viwili. Mwenye kituo akisema "tulikaguliwa, tuko vizuri", mzazi wa mtoto wa miaka miwili hawezi kujua kama sifa ile ni ya chumba cha mwanawe au ya chumba cha jirani. Sera yetu inataka darasa la awali liwe na mwalimu mmoja kwa watoto 25. Idadi hiyo, hata ikitimizwa, haimhusu mtoto wa miaka miwili, ambaye bado anavaa nepi na bado hajui kusema kwamba tumbo linamuuma.

Serikali yenyewe imeshaandika ni nini hasa mtoto mdogo anahitaji. Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile inayotajwa kwa kifupi PJT-MMMAM, iliyopangwa kwenda hadi mwaka wa fedha 2025/26. Inamhusu mtoto hadi umri wa miaka minane, na imejengwa juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Yaweke mambo hayo matano kando ya ziara ya kawaida ya ukaguzi uone. Usalama unaonekana, kwa sababu uzio hauwezi kufichwa. Afya na lishe huonekana kidogo, kwa kutazama choo, ndoo ya maji na ratiba ya chakula iliyobandikwa jikoni. Malezi yenye mwitikio, ambayo ndiyo kazi yenyewe ya mlezi, hayaonekani kabisa kwa mtu aliyekuja na kalamu kwa nusu saa.

Chukua mfano mmoja mdogo wa kile kinachopotea. Watoto 30 wameketishwa kwenye mkeka wanaimba herufi za Kiingereza. Mmoja amepata kijiwe chini, anainuka, anamvuta anti sketi ili amwoneshe. Anti anaweza kusema "kaa chini!" akaendelea na wimbo. Anaweza pia kuchutama hadi macho yake yakutane na ya mtoto, akauliza, "Umekiokota wapi? Kizito?" na kusubiri jibu, hata kama jibu ni neno moja la kigugumizi. Tukio zima halimalizi dakika. Mtoto anayejibiwa hivyo mara kumi kwa siku, siku 200 kwa mwaka, anajifunza kwamba maneno yana faida na kwamba watu wazima wanasikia. Anayeambiwa akae chini mara kumi kwa siku anajifunza kunyamaza, na mgeni akija atamwona mtoto mwenye adabu. Kituo chenye anti wa kwanza na kituo chenye anti wa pili vinaweza kuwa na rangi ileile ya ukuta, choo kilekile na cheti kilekile.

Haya hayatokani na huruma tu; yamepimwa. Mwaka 2013 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti wa Terri Sabol na wenzake uliouliza kama madaraja wanayopewa vituo vya watoto wadogo katika majimbo ya nchi ile yanatabiri watoto watajifunza kiasi gani. Marekani wanajua mambo ya madaraja. Oklahoma ilianza kuvipa vituo nyota tangu 1998, na majimbo mengine mengi yakafuata. Watafiti walichukua vitu vinavyojumlishwa kutengeneza nyota, yaani elimu ya walimu, idadi ya watoto kwa kila mwalimu, mazingira ya darasa na kadhalika, wakavilinganisha na maendeleo ya watoto. Jumla ile haikusaidia sana. Kilichotabiri vizuri zaidi kuliko vingine ni namna mwalimu anavyohusiana na watoto: anavyosema nao, anavyowasikiliza, anavyowaongoza. Uingereza nako, mwaka 2017, Jo Blanden, Kirstine Hansen na Sandra McNally walitumia kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni moja na nusu, wakaona kwamba kusoma katika kituo kilichopewa daraja la juu kabisa na Ofsted, chombo cha ukaguzi cha huko, kuliongeza kidogo mno matokeo ya mtoto alipoingia shule. Haishangazi ukijua kwamba kwa miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 95 ya vituo vya watoto wadogo Uingereza vilikuwa katika madaraja mawili ya juu, na kwamba kituo kiliweza kukaa hadi miaka sita bila mkaguzi kurudi. Alama inayopatikana na karibu kila mtu, tena ya miaka mitano iliyopita, haimsaidii mzazi kuchagua.

Ushahidi unaonigusa zaidi, hata hivyo, uko karibu nasi. Mwaka 1986 Mombasa kulianza kazi ya vituo vya awali vya madrasa, ikiongozwa na Bi Swafiya Said kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan, ambayo baadaye ilienea Zanzibar na Uganda. Vituo vilikuwa vya jamii husika. Wazazi na kamati zao walivimiliki, na vingi vilikuwa katika vyumba vya kawaida, na vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifuu, vizibo vya chupa na mbegu. Wakufunzi hawakuja na fomu wakaondoka. Waliingia darasani, wakakaa na walimu, wakarudi tena na tena kwa muda mrefu. Watafiti Lars-Erik Malmberg, Peter Mwaura na Kathy Sylva walifuatilia watoto 321 wa Kenya, Zanzibar na Uganda, na mwaka 2011 wakachapisha kwamba watoto wa vituo hivi walipiga hatua zaidi kuliko wa vituo vingine, na kwamba ubora uliochunguzwa darasani kwa makini ulihusiana na hatua hizo. Hapa nataka nisomwe vizuri. Sisemi ubora wa malezi haupimiki. Unapimika, mradi mpimaji aketi darasani asubuhi nzima akitazama watu, kisha arudi. Utafiti ule unaonesha kwamba chumba chenye sakafu ya saruji kilichopakwa chokaa, chenye mwalimu aliyefundwa na kusindikizwa, kinaweza kumpa mtoto mengi.

Sasa kuna wanaosema, tena kwa nia njema, kwamba dawa ni kuvipanga vituo vyetu kwa madaraja yanayotangazwa hadharani, A, B na C, ili wazazi waone na vilivyo dhaifu viaibike. Nchi hii imeshajaribu kitu cha namna hiyo na matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2013, chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilipangwa kwa nafasi kitaifa na kiwilaya, zikapewa na rangi: kijani, njano, nyekundu. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walipochunguza, waligundua kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli. Waligundua pia kwamba idadi ya wanafunzi waliokaa kufanya mtihani wa darasa la saba katika shule hizo ilipungua. Shinikizo lilifanya kazi mara mbili: lilisukuma ufundishaji, na likasukuma baadhi ya watoto nje ya mlango. Mtoto aliyeonekana ataharibu wastani hakuwa na wa kumtetea. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza la Mitihani kupitia Kaimu Katibu Mtendaji wake, Athumani Amasi, lilieleza kuwa halitataja tena shule kumi bora, kwa sababu jambo hilo halina tija na linakuwa tangazo la biashara kwa shule. Ulikuwa uamuzi mzuri. Itakuwa ajabu kitu tulichokikataa kwa vijana wa miaka 17 tukipeleke kwa watoto wa miaka mitatu.

Fikiria madaraja ya hadharani yatafanya nini kwa mtoto mwenye ulemavu, kwa anayechelewa kuongea, kwa yule anayelia wiki tatu mfululizo kabla hajazoea. Kituo kinachopimwa kwa utulivu wa darasa na kwa idadi ya watoto wanaojua kuandika majina yao kitajifunza upesi kumwambia mama huyo kwamba nafasi zimejaa. Tayari soko lina madaraja yake, na mzazi yeyote wa Kinondoni anayajua: Kiingereza, basi la njano, joho, na daftari lenye kazi ya nyumbani kwa mtoto ambaye vidole vyake havijakomaa kushika penseli. Mkaguzi akiongeza herufi yake juu ya hayo, wenye vituo watapanga upya maonesho yao na malezi yatabaki pale yalipokuwa.

Waingereza, ambao wengi huwatolea mfano, nao wamelipa gharama. Ruth Perry, mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi ya Caversham mjini Reading, alijiua Januari 2023 baada ya ukaguzi ulioishusha shule yake kutoka daraja la juu kabisa hadi la chini kabisa. Desemba mwaka huohuo afisa aliyechunguza kifo hicho alisema ukaguzi ulichangia. Shule hiyohiyo, ilipokaguliwa tena miezi michache baada ya kifo chake, ilipewa daraja la Nzuri. Ni watoto walewale, katika majengo yaleyale, na kwa sehemu kubwa walimu walewale. Septemba 2024 serikali yao iliondoa hukumu ya neno moja kwa shule za umma, na tangu Novemba 2025 wakaguzi wanaandika taarifa inayotenganisha maeneo, vituo vya watoto wadogo vikiwemo. Bado wanabishana kama taarifa hiyo inatosha. Waliotumia neno moja kwa miaka mingi wameona kwamba halibebi kilichomo ndani ya darasa, na sisi tunaoanza hatuna haja ya kupita njia hiyohiyo.

Nasikia jibu la kwanza: mzazi wa Kawe hana muda wa kusoma taarifa ya kurasa 20, anataka alama moja aielewe akiwa amesimama. Ni kweli hana muda, na haitakuwa haki kumlaumu. Mama anayeuza samaki wa kukaanga jioni na anayeamka usiku kuandaa biashara hawezi kuwa mkaguzi. Lakini ufupi na alama moja ni vitu viwili tofauti. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaweza kusema mkaguzi alikuja tarehe gani na alikaa saa ngapi, siku hiyo alihesabu watoto wangapi na walezi wangapi, mlezi wa chumba cha wadogo ana mafunzo gani na yupo kituoni tangu lini, dosari gani zilikutwa, na kama zimerekebishwa. Mtu aliyeishia darasa la saba anausoma huo kwa dakika mbili na anajua zaidi kuliko ambavyo nyota tano zingemwambia. Akiona walezi wawili kwa watoto 45, hahitaji mtaalamu wa kumfafanulia.

La pili ni zito zaidi: bila tishio la daraja baya, wenye vituo wabovu hawatashtuka. Nalikubali nusu. Woga una mahali pake, na mahali pake ni kwenye usalama na ukatili. Kituo kinachofungia watoto chumbani, kinachochapa, kisicho na njia ya kutokea moto ukiwaka, hakihitaji daraja D. Kinahitaji kufungwa siku hiyohiyo na mwenyewe kufikishwa mbele ya sheria. Kwa hayo jibu ni ndiyo au hapana, na sheria inatosha. Lakini huwezi kumtisha mlezi hadi akaongea na mtoto kwa upole. Anti anayewatunza watoto 25 peke yake kwa mshahara usiofikia mwisho wa mwezi hapungukiwi woga. Anapungukiwa mwenzake chumbani, mafunzo, na mtu mwenye ujuzi wa kumwambia, "Jaribu hivi." Mkaguzi anayekuja kama hakimu ataoneshwa mikeka mipya na watoto waliofundishwa kumwamkia mgeni kwa sauti moja. Yule anayekuja kama mkufunzi mwenye mamlaka, anayejulikana kwamba atarudi mwezi ujao, ana nafasi ya kuoneshwa chumba kilivyo.

Jibu la tatu linatoka ofisini: maafisa ni wachache, magari hakuna, Kinondoni ni kubwa. Hilo nalo ni la kweli, na ndiyo sababu nguvu iliyopo isitumike kugawa madaraja. Kazi ya kutoa alama inataka mizani sawa kwa kila kituo, rufaa, kumbukumbu na malumbano, na mwisho wake afisa hana saa hata moja ya kukaa kwenye mkeka akatazama. Msaada upo karibu kuliko tunavyodhani. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, zinapaswa kuwa hai hadi ngazi ya kata na mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anajua kila nyumba inayolea watoto. Vipo vyuo vinavyofundisha malezi, na wanafunzi wake wanahitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Hakuna kati ya hao anayechukua nafasi ya afisa, lakini wakihesabu watoto na walezi mara moja kwa mwezi na kumpa afisa taarifa, afisa atajua aanzie wapi.

Kuna kundi ambalo mjadala wote wa madaraja unalisahau, nalo huko Ukwamani na Mzimuni si dogo. Ni watoto wanaoachwa kwa mama wa jirani, katika chumba na sebule, kwa malipo ya siku. Hawana bango wala cheti, na mkaguzi hajui kama wapo. Wengi wa akina mama hawa wanafanya kazi ambayo bila yao soko la Kawe lingekosa wauzaji na nyumba za Mbezi Beach zingekosa dada wa kazi. Tukiweka ngazi ya madaraja na ada zake, wao wataanguka chini ya ngazi ya kwanza na watajificha zaidi, na watoto waliomo humo ndio wenye uhitaji mkubwa kuliko wote. Nairobi wamelazimika kulifikiria hili mapema. Taasisi ya Kidogo, iliyoanzia mitaa ya kipato cha chini ya jiji lile, imejenga kazi yake juu ya akina mama wa aina hiyohiyo: inawafundisha, inawatembelea, inawasaidia kuendesha kituo kama biashara inayojilipa, na ubora unapanda ukiwa na mtu wa kuusindikiza. PJT-MMMAM imefungua mlango wa vituo vya kijamii. Kinachobaki ni kumchukulia mama wa chumba na sebule kama mtu wa kufundwa na kusajiliwa kwa masharti anayoyaweza, akianzia na maji safi, choo, idadi ndogo ya watoto na namba ya simu ya afisa.

Gharama ya kukosea hapa haionekani mara moja, na hiyo ndiyo hatari yake. Mtoto aliyelelewa kwa kunyamazishwa hafiki nyumbani na jeraha. Anafika darasa la kwanza akiwa mzito wa kuongea, mwalimu mwenye wanafunzi 80 hana nafasi ya kumtafuta, na miaka mingi baadaye tutazungumzia kiwango cha kusoma na kuhesabu kana kwamba kimeanzia darasani. Hakuna atakayekumbuka kwamba kituo kilikuwa kimesajiliwa.

Kwa hiyo naziomba Manispaa ya Kinondoni na Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum zianze na jambo ambalo halihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa: kando ya kila cheti ubandikwe ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye tarehe ya ziara ya mwisho, idadi ya watoto na walezi waliohesabiwa siku hiyo, dosari zilizokutwa na hatua zilizochukuliwa. Wathibiti ubora na maafisa ustawi wakubaliane kutembelea pamoja kituo chenye makundi yote mawili, na waseme wazi ni chumba kipi wamekiona. Nanyi wazazi mnaokwenda kuandikisha mwezi wa kwanza, msiishie ofisini. Ombeni kuona chumba cha watoto saa nne asubuhi, siku ambayo hamkutoa taarifa. Hesabuni watoto, hesabuni walezi, ulizeni anti amekaa pale tangu lini, kisha simameni mlangoni hadi mtoto mmoja alie, na tazameni ni nani anayemwendea na anamwambia nini. Mkizuiwa kuingia, mpelekeni mtoto kwingine.